Bakuli la Wanga

Mwalimu hukosea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutojua jambo, na kosa hilo husameheka, kwani hakuna mja aliyepewa elimu yote. Njia ya pili ni kumnyamazisha yule anayelijua, na kosa hilo ni zito, kwa sababu madhara yake hayampati mwalimu bali mwanafunzi. Mimi niliyatenda makosa yote mawili kwa pamoja, katika kipindi kimoja cha dakika 40, mbele ya wanafunzi wapatao 50. Nakusimulia habari hii, msomaji, kwa kuwa ndani yake mna jambo la sayansi ambalo unaweza kulipima jikoni kwenu jioni ya leo, na mna jambo jingine ambalo halipimwi kwa kikombe wala kwa kijiko.

Ilikuwa mwaka 2019, katika shule ya kutwa iliyo karibu na mkono wa bahari, pwani ya Kenya. Nilikuwa na umri wa miaka 31. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu iliyopita, nami niliyaamini mambo ya daftari langu la chuo kama nahodha aaminivyo dira. Siku hiyo niliwafundisha Kidato cha Kwanza hali tatu za maada, yaani kitu kigumu, kiowevu na gesi. Nikaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kwamba kitu kigumu hushika umbo lake, na kiowevu hufuata umbo la chombo. Kisha nikaongeza kwa mdomo maneno yasiyokuwamo katika daftari: "Kiowevu hakina ukaidi. Ukikigonga hukupisha, siku zote."

Msichana mmoja wa safu ya kati aliinua mkono. Alikuwa mtoto mkimya, binti wa mvuvi. Akasimama akasema, "Mwalimu, kipo kiowevu ambacho ukikiacha humiminika, na ukikigonga huwa kigumu. Nimekigonga mwenyewe."

"Kiowevu gani hicho?" nikauliza.

"Wanga, Mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Wewe wajua ya kuwa neno wanga lina maana mbili katika lugha yetu, nao wavulana wa nyuma waliichagua ile ya pili, ya wale wasemwao kuwa husafiri usiku kwa ungo. Mmoja akasema kwa sauti kwamba wanga hawagongwi, hukimbiwa. Kicheko kikazidi. Nami, niliyepaswa kuuliza swali la pili, nilicheka pamoja nao. Nikamwambia, "Keti, binti. Hapa twasoma sayansi, hatusimulii hekaya."

Akaketi. Aliinamisha uso juu ya daftari lake, na muhula ule wote mkono wake haukuinuka tena. Sikulitambua hilo wakati ule. Majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Likizo ya mwezi wa Aprili ilipofika nilikwenda kumwamkia shangazi yangu, mkulima wa mihogo. Nilimkuta uani akitengeneza wanga. Huumenya muhogo, akaukwaruza juu ya bati lililotobolewa kwa misumari, akautia maji, kisha akaukamua kwa kitambaa. Maji meupe yatokayo huachwa katika sufuria kwa saa kadhaa, hata wanga ukatuama chini na maji yakabaki juu. Wazee wetu waliutumia wanga huo kukazia nguo kabla ya kuzipiga pasi, na hata leo wapo wapishi wautumiao kufanya mchuzi uwe mzito.

Shangazi aliniambia niyamwage yale maji ya juu, kisha niutoe wanga. Nikayamwaga, nikachomeka vidole kwa nguvu ili niukwangue upesi. Vidole vilikwama kana kwamba nimegusa saruji inayokauka. Nikakunja ngumi nikaugonga. Ngumi ikarudi, na juu ya wanga hapakurukia hata tone moja. Nilipoacha kuugonga na kuuchota taratibu, wanga ule ule ulilegea, ukachuruzika kati ya vidole vyangu kama maziwa mazito.

Shangazi alinitazama akatabasamu. "Taratibu, mwanangu," akasema. "Wanga hautaki nguvu. Ukiukaba hukukatalia, ukiuendea pole pole huja wenyewe."

Yeye aliijua habari hiyo tangu usichana wake. Mama wa yule mwanafunzi wangu aliijua pia, na bila shaka yule mtoto aliiona kwao alipokuwa akimsaidia mama yake. Katika watu hao wote, asiyeijua alikuwa mimi, mwenye cheti. Nilikaa juu ya kigoda, mikono ikinitiririka weupe, nikaona tena uso ule ulioinama juu ya daftari.

Siku zilizobaki za likizo nilizitumia kusoma. Niliyoyapata ndiyo haya, nami nitakueleza hatua kwa hatua.

Kila kiowevu kina namna yake ya kukataa kusukumwa. Maji hukataa kidogo, mafuta ya kupikia hukataa zaidi ya maji, na asali hukataa zaidi ya mafuta. Ukatavu huo huitwa mnato. Fikiri una vipande viwili vya kioo, na kati yake umepaka asali. Ukikisukuma kioo cha juu ili kiteleze juu ya cha chini, asali hukizuia. Ukitaka kiteleze kwa mwendo maradufu, yakupasa utie nguvu maradufu. Ukitaka mara tatu ya mwendo, utie mara tatu ya nguvu. Hesabu hiyo ni nyofu kama hesabu ya duka: bei ya kibaba kimoja haibadiliki, ununue kimoja au kumi.

Mtu aliyeiweka kanuni hiyo katika maandishi ni Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza, katika kitabu chake mashuhuri kilichotolewa mwaka 1687. Viowevu vinavyoitii huitwa viowevu vya Newton. Maji yamo, mafuta yamo, na asali safi imo. Hapa tafadhali usichanganye mambo mawili. Asali ni nzito, lakini uzito wake haubadiliki kwa kukorogwa upesi au pole pole. Kwa hiyo asali, pamoja na ukaidi wake wote, ni raia mtiifu.

Lakini viko viowevu vingi ambavyo bei ya kibaba hubadilika kwa kadiri unavyonunua. Baadhi yake huzidi ukaidi kadiri uvisukumavyo upesi, vingine hulegea. Vyote hivyo huitwa viowevu visivyofuata kanuni ya Newton. Newton hakusema uongo. Kanuni yake ni ya kweli kwa vile inavyovihusu. Aliyekosa ni yule aliyeongeza maneno "siku zote" mbele ya wanafunzi 50.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, niliingia darasani na bakuli, pakiti ya wanga wa mahindi kutoka dukani, na chupa ya maji. Kabla ya kuufungua wanga huo niliwaambia wanafunzi wasimame, nikasimama mbele yao nikasema, "Muhula uliopita mwenzenu alisema neno la kweli katika chumba hiki, nami nikamcheka. Sikumcheka kwa kuwa amekosea. Nilimcheka kwa kuwa sikujua, na sikutaka mjue kwamba sijui. Binti, nakuomba radhi."

Hapakuwa na kicheko. Wale wavulana wa nyuma walitazama chini. Msichana mwenyewe hakutabasamu wala hakujibu, nami sikumlaumu. Radhi huombwa kwa dakika moja, lakini moyo huwa na saa yake. Nilimwomba aje mbele atuonyeshe. Akaja.

Alitia vikombe viwili vya wanga katika bakuli, akaongeza kikombe kimoja cha maji kidogo kidogo huku akikoroga taratibu kwa kijiko. Nawe ukitaka kujaribu, tumia kadiri hiyo, lakini usitumie unga wa ugali, kwa kuwa unga huo una vitu vingine pamoja na wanga na hautakupa matokeo haya. Mchanganyiko ulipokuwa tayari, aliuinamisha. Ukamiminika upande mmoja kama uji. Akaurudisha wima, akaugonga kwa ngumi. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya ngumi juu ya meza. Akachota konzi moja akaifinyanga upesi mikononi, ikawa tonge gumu. Akaacha kufinyanga, tonge likayeyuka likachuruzika hadi viwikoni. Darasa lilipiga makofi bila ya kuambiwa.

"Kwa nini huwa hivyo?" wakauliza.

Nikawaambia waziangalie punje za wanga kwa macho ya fikira, kwani ni ndogo mno. Punje 100 za wanga wa mahindi zikipangwa mstari mmoja hupata urefu wa milimita moja na kitu tu. Katika bakuli lile punje zimesongamana sana, na kati ya punje na punje mna utando mwembamba wa maji unaozifanya ziteleze. Ukizisukuma taratibu, hupata nafasi ya kupishana.

"Sasa tazameni mlango wetu," nikasema. "Kengele ya kwenda nyumbani ikilia nanyi mkatoka mmoja mmoja, darasa huwa tupu kwa muda mfupi. Lakini mmoja akipiga kelele kwamba kuna nyoka, nyote mkaukimbilia mlango kwa mara moja, itakuwaje?"

"Tutakwama, Mwalimu!"

"Mtakwama kwa nini? Mlango ni ule ule, na nyinyi ni wale wale."

Wakafikiri, kisha yule msichana akasema kwa sauti ndogo, "Mabega yatagusana."

Hilo ndilo jibu lenyewe. Punje zikipigwa ghafula hazipati muda wa kupishana. Utando wa maji hubanwa, punje hugusana kavu kwa kavu, hukwaruzana na kusaidiana kukaza, zikawa ukuta. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Scott Waitukaitis na Heinrich Jaeger, walionyesha kwamba mahali panapopigwa hutokea kitu mfano wa tonge gumu linalokua kwenda chini kwa kasi, na tonge hilo ndilo linalolipokea pigo. Kwa sababu hiyo mtu aweza kukimbia juu ya birika kubwa lililojaa mchanganyiko huu bila kuzama, lakini akisimama tu, huanza kudidimia. Nguvu ikiondoka, punje huachana, maji hurudi kati yake, na ukuta huwa uji tena.

Baada ya hapo niliwaeleza habari ya viowevu vya upande wa pili, vile vinavyolegea vikisukumwa, kwani hivyo ndivyo tunavyokutana navyo zaidi. Rangi ya kupaka ukutani ni mmoja wao. Ikipigwa brashi hulegea ikaenea vizuri. Brashi ikiondoka huwa nzito, ikashika ukuta bila kutiririka hadi sakafuni. Sosi ya nyanya hukaa kimya chupani hata ukaitikisa, kisha hutoka yote kwa pamoja ikaharibu chakula. Dawa ya meno haitoki mpaka uibane, nayo ikishafika juu ya mswaki hukaa kama ilivyowekwa.

Hata damu yetu imo katika kundi hilo. Inapokwenda pole pole, chembe zake nyekundu hushikana kama sarafu zilizopangwa, nayo huwa nzito zaidi. Inapokwenda kwa kasi, chembe huachana na kunyumbuka, nayo huwa nyepesi. Ikiwa umeketi kimya ukisoma maneno haya, jua ya kwamba kiowevu kisichofuata kanuni ya Newton kinapita shingoni mwako sasa hivi. Elimu ya mambo haya imekuwa fani kamili. Mwaka 1929 wataalamu wa Marekani, akiwemo mkemia Eugene Bingham, waliunda chama chao cha kuichunguza.

Kipindi kilikuwa karibu kwisha wakati mkono ulipoinuka katika safu ya kati. Moyo wangu ulidunda, kwa maana nilikuwa nimeungoja mkono huo tangu asubuhi.

"Mwalimu," akasema, "na tope la mkokoni je? Nalo ni kama wanga?"

Darasa lilinyamaza. Lile halikuwa swali la mchezo. Wengi wao walivuka tope hilo maji yalipokupwa, wakienda kutafuta kaa au kukata njia ya kurudi nyumbani. Mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wa miaka 9 nilinasa katika tope kama hilo hadi mapajani, na kadiri nilivyopapatika ndivyo nilivyodidimia. Mjomba wangu alinikuta nikilia, maji ya bamvua yakianza kurudi. Hakunivuta. Alinena nami kutoka mahali pakavu: "Tulia. Egemea nyuma kama unayelala. Uchezeshe mguu kidogo kidogo, mpaka maji yaingie." Nilitii huku nikitetemeka, nikatoka mguu mmoja baada ya mwingine. Kiatu kimoja kimo humo hadi leo.

Nikawajibu kwamba tope si kama wanga. Tabia yake ni kinyume. Likiachwa kimya, chembe zake hushikana kama nyumba iliyojengwa kwa karata, na likavutwa au kukanyagwa nyumba hiyo hubomoka, tope likawa majimaji, mtu akashuka. Kisha chembe hutulia tena na kuubana mguu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, akiwemo Daniel Bonn, walichapisha uchunguzi wao wa mchanga didimizi wa Iran, nchi ambayo wachungaji husimulia kwamba ngamia wazima humezwa na mchanga huo. Watafiti hawakuwacheka wachungaji, wala hawakuwaamini vivi hivi, walikwenda kupima. Waliona kwamba mtu hawezi kumezwa mzima, kwa kuwa mchanga ule ni mzito kuliko mwili wake; huzama hadi kadiri ya kiunoni, kisha huelea. Lakini waliona pia kwamba kuung'oa mguu kwa mwendo wa sentimita moja kwa sekunde kwahitaji nguvu sawa na ya kuinua gari. Njia ya kutoka ni kuuchezesha mguu taratibu ili maji yashuke na kuzilegeza chembe, kama alivyosema mjomba wangu, ambaye hakupata kusoma habari zao.

"Kwa hiyo tope lenyewe haliui," nikamaliza. "Linaloua ni maji kujaa wakati mtu amenaswa. Basi msivuke peke yenu, na anayenasa apige ukelele mapema, kabla ya kupapatika."

Kengele ikalia. Wakatoka mmoja mmoja, wakicheka mlangoni.

Wiki mbili baadaye yule msichana alinifuata nje ya chumba cha walimu. Sketi yake ilikuwa na doa la tope lililokauka.

"Mwalimu, nimejaribu," akasema.

"Umejaribu nini?"

"Tope. Maji yalikuwa yamekupwa. Kaka yangu alisimama mahali pagumu akashika kamba niliyojifunga kiunoni. Nikaingia hadi magotini. Kwanza nilivuta kwa nguvu, mguu ukakataa. Kisha nikauchezesha pole pole nikihesabu. Mguu wa kulia ulitoka nilipofika 70, wa kushoto 95."

Nilimkaripia, kwa kuwa ilikuwa wajibu wangu kumkaripia. Nilimwambia kwamba asirudie mchezo huo, kamba au si kamba, na kwamba ningemwona baba yake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipokwisha. Kisha akaniuliza kwa nini mguu wa kushoto ulichelewa.

Nilikaribia kusema neno lolote lile ili mradi nijibu. Nikayakumbuka yale maneno yangu mawili, "siku zote", nikajizuia.

"Sijui," nikamwambia. "Wewe waonaje?"

Akafikiri kidogo. "Labda kwa kuwa ulikaa topeni muda mrefu zaidi," akasema, "tope likapata wakati wa kushikana."

Niliporudi mezani pangu niliandika hesabu zake katika daftari la chuo, chini ya somo la hali tatu za maada: kulia 70, kushoto 95. Mtoto yule hakuliamini neno langu kwa kuwa limetoka kwa mwalimu. Alikwenda kulipima, kisha akaniletea majibu. Hivyo ndivyo nilivyopaswa mimi kulifanyia neno lake siku ile ya kwanza. Nalo lilihitaji bakuli moja tu, wanga kidogo, na kikombe cha maji.